Chafya Mtaroni

Mtoto wa Jepkemei alikuwa na siku kumi na mbili duniani na alikuwa bado hajapiga chafya hata moja.

Mengine yote alikuwa ameyafanya. Alilia kwa sauti ya kuita majirani, alinyonya kama ndama, na Jumapili moja alimkojolea nyanya yake gauni la kanisani. Lakini chafya ilimkataa. Na pale Mtaroni, kijiji kilichokaa mteremkoni juu ya Rongai, chafya ya mtoto mchanga si habari ya mafua. Jina la kanisani lilikuwa tayari, angeitwa Emanueli. Ila jina la kwanza kabisa, lile la ndani ya nyumba, halichaguliwi na mtu. Wanawake wa ukoo wa baba huketi, mtoto akalazwa mapajani, wakawataja waliokufa mmoja mmoja, taratibu, bila haraka. Yule ambaye mtoto atapiga chafya jina lake likiitwa, huyo ndiye aliyerudi, na mtoto ni wake.

Walikuwa wameita mara mbili. Mama mkwe wa Jepkemei, Cheruto, aliwaita wazee wote wa upande wa mumewe, akaanza na walioheshimika: mwamuzi wa kesi, mzee wa kanisa, yule aliyeuawa na nyati. Mtoto akatazama dari. Akashuka kwa walevi. Akafika hata kwa mwizi wa ng'ombe ambaye kwa kawaida hatajwi mbele ya wageni. Mtoto akapiga mwayo.

"Mpeni ugoro kidogo," alisema Naliaka, jirani yao, mke wa fundi wa baiskeli, ambaye alikuwa amekuja kutazama tu. "Kwetu Bungoma watoto hawasumbui hivi. Wanaota ndoto, wanalia, wanapewa jina, kazi imeisha."

Ugoro ukaletwa. Mtoto aliunusa kama mzee aliyeuzoea, akalala.

Ndipo Cheruto, akitazama sufuria ya chai na si mtu yeyote, aliposema, "Labda tunawaita watu wasiomhusu."

Jepkemei alihisi maneno hayo yakipanda kutoka miguuni. Mume wake, Kipyegon, alikuwa askari katika kambi ya Lanet, upande wa pili wa Nakuru, na alikuja nyumbani akipewa ruhusa tu. Shangazi mkubwa wa Kipyegon alikuwa ameshauliza, kwa sauti ya kuulizia hali ya hewa, ruhusa hiyo ilikuwa ya mwezi gani. Sasa mashangazi wote wangekuja Jumamosi kuita kwa mara ya tatu, ambayo huwa ya mwisho. Mtoto akinyamaza tena, wangelazimika kuita watu wa upande wa mama. Kuita upande wa mama hakuna kelele wala matusi, lakini mtaa mzima huelewa: mtoto si wa nyumba hii.

Jepkemei hakujitetea. Hakuwa mtu wa kujitetea. Aliacha shule darasa la sita, mama yake alipougua, na tangu hapo alizoea kusema mambo kichwani, akayapanga vizuri, akayaacha humohumo. Alijua mtoto ni wa Kipyegon kama alivyojua kiganja chake. Lakini jambo la kujua na jambo la kusema yalikuwa vijiji viwili kwake, na katikati yake hakukuwa na njia.

*

Alikuwa amewekwa kupumzika katika nyumba ya Kogo Chepkurui, nyanya wa mumewe, kwa kuwa ilikuwa na joto na bati lake halikuvuja. Kogo alikuwa na miaka karibu tisini. Alikaa karibu na meko akichambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa, na alizungumza alipotaka.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Aprili, na mvua za kupanda zilikuwa zimeingia. Kupitia dirisha dogo Jepkemei aliwaona watu wa Mtaroni shambani. Alikuwa ameolewa pale kutoka upande wa Elburgon, haujatimia mwaka, na hakuwahi kuona mahindi yakipandwa namna ile. Walijipanga mstari mmoja mrefu, bega kwa bega, kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine. Mtu mmoja alisimama kando na filimbi. Filimbi ikilia, mstari wote ulisogea, polepole, polepole sana, kila mtu akifukia mbegu zake, hakuna wa kumtangulia mwenzake. Baada ya muda filimbi ililia tena, na wote wakasimama. Wakangoja. Mvua nyembamba iliwapita mabegani. Halafu filimbi, na mstari ukasogea tena ndani ya ukungu, kama watu wanaotembea chini ya maji.

"Kogo," alisema Jepkemei kwa sauti ndogo, "mbona wanasimama hata kama hawajachoka?"

"Wanangoja moto usogee," alisema Kogo.

"Moto gani?"

Kogo akacheka bila sauti. "Wao hawajui. Mimi nilimpelekea chai aliyewafundisha babu zao, miaka mitatu, mpaka alipokufa. Mimi najua."

Akaeleza, na mikono yake ikiendelea na maharagwe.

Shamba lote lile, kabla halijagawanywa, lilikuwa la mzungu mmoja. Hakuwa Mwingereza. Alitoka Kanada, ambako alisema mito hugeuka mawe na mtu akavuka kwa miguu. Alikuwa askari kijana katika vile vita vikuu vya kwanza, na vilipokwisha, serikali ya wakati ule iliwagawia askari wake ardhi ya watu wengine. Alifika mwaka wa njaa, watu wakila mizizi, na ndiyo sababu wafanyakazi wakampa jina la mtu aliyezaliwa wakati wa njaa: Kiprugut. Kwenye kofia yake kulikuwa na jani la chuma. Wazee, ambao kila ukoo wao una kiumbe wake, simba au nyuki au chura, hawakushangaa. Wakasema ukoo wa huyu ni jani, na jani lenyewe wakalitambua mara moja: mbarika, vidole vyote vipo. Alipokufa wakampandia mibarika kuzunguka kaburi, heshima ya ukoo wake. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja alikuja akasema lile ni jani la mti mwingine kabisa, mti wa kwao Kanada. Watu wakamsikiliza kwa adabu, na mibarika haikukatwa.

"Na mtaro ndio wake?" aliuliza Jepkemei.

"Nani mwingine angechimba mtaro wa kupinda hivyo?"

Mtaro ulipita nyuma ya nyumba zote, ukienda kulia, ukarudi kushoto, kama nyoka aliyevunjwa mgongo mara nyingi. Kiprugut aliuchimba kwa mikono yake mwaka wa kwanza, kabla hajajenga hata choo. Wafanyakazi walipomwuliza kwa nini asiunyooshe, alisema mtaro ulionyooka risasi moja huupita toka mwanzo hadi mwisho. Mvua zikinyesha usiku na radi zikapiga, hakulala kitandani. Alilala humo mtaroni, amejifunika turubai, na asubuhi Kogo alimpelekea chai humohumo, akaipokea na kusema asante kama mtu aliye sebuleni.

"Swahili yake ilikuwa ya shambani, imevunjika kila mahali," alisema Kogo. "Lakini ya vita ilikuwa nzima. Nilikuwa bibi arusi kama wewe, naogopa kusema, kwa hiyo nilisikiliza."

Kiprugut alitaja majina ya mahali kama mtu anayetaja wakwe zake. Ipre, ambako adui aliachilia moshi wa kijani ukatambaa chini kama maziwa yaliyomwagika, na wenzao wa pembeni wakakimbia, na wao Wakanada wakabaki, wamejifunga puani vitambaa walivyovikojolea wenyewe.

"Vyenye nini?" Jepkemei alisahau aibu.

"Mkojo. Ulikuwa unavunja ile sumu. Naliaka nilipomwambia alisema basi ukoo wa jani ni ukoo wa watu wachafu."

Paschendele, ambako hakukuwa na ardhi tena, matope tu, na mtu akiteleza kutoka kwenye ubao wa kukanyagia hakupatikana, yeye na nyumbu wake wa mizigo. Na kabla ya hapo, Vimi. Vimi ndiko alikorudi kila Aprili, mvua zikianza.

Vimi ulikuwa mlima mdogo, alisema, si mrefu kuliko mteremko huu wetu. Wengine walikuwa wamejaribu kuuchukua wakafa kwa maelfu. Kisha wakaambiwa Wakanada waende, wote pamoja kwa mara ya kwanza. Majuma mengi walifundishwa nyuma ya mstari wa vita, kwenye mashamba matupu, kamba zimetandazwa chini kuonyesha mitaro ya adui ilipo. Walifundishwa kutembea. Sababu ni kwamba mizinga yao wenyewe ingepiga mbele yao, ukuta wa moto, na ukuta huo ungesogea hatua mia kila dakika tatu. Ukichelewa, adui anainuka na kukupiga. Ukiharakisha, unaingia katika moto wa wenzako. Basi walitembea mashambani, filimbi ikilia, wakisimama, wakingoja, wakitembea.

"Kama hawa," alisema Jepkemei.

"Kama hawa. Siku yenyewe kulikuwa na theluji. Alikuwa na mdogo wake kwenye mstari, bega kwa bega. Walilala usiku kucha katika mapango ya mawe meupe, laini kama chokaa, na watoto hao, kwa sababu walikuwa watoto tu, wakachonga yale majani yao ukutani kwa visu. Alfajiri wakatoka. Mlima waliuchukua. Lakini yule mdogo wake hakungoja."

Kogo aliinua harage moja, akalitazama kwenye mwanga, akalirudisha.

"Alitembea haraka. Hatua kumi, kumi na tano. Kiprugut alimwona akiingia kwenye moto kama mtu anayeingia nyumbani. Aliniambia hivyo. Halafu miaka arobaini akawafundisha watu wa hapa kupanda mahindi polepole, akimwona mtu ametangulia anapiga filimbi mpaka uso unakuwa mwekundu. Watu walidhani ni ukali."

Kijiti kikapasuka motoni. Baada ya muda kidogo Kogo alikuwa amesinzia na ungo mapajani.

Jepkemei aliendelea kunyonyesha. Mvua ilizidi juu ya bati, ikawa sauti moja isiyo na matone. Nje filimbi ililia, mbali. Macho yake yalikuwa mazito, usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga, ule usiomchukua mtu mzima bali humwosha tu kama wimbi la ziwa, likaja, likarudi. Aliona ukuta mweupe na kisu kidogo kikichonga kidole cha kwanza cha jani, cha pili, cha tatu. Akaona shamba, na juu yake kitu cheupe kikishuka ambacho hakuwahi kukiona maishani, lakini kilishuka polepole kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa, hakikuwa na sauti. Watu walitembea ndani yake. Walikuwa wengi, na walikuwa wadogo, wadogo kuliko Kipyegon. Walipita karibu naye kiasi kwamba alisikia nguo zao mbichi zikikwaruzana. Mmoja alikuwa wa mwisho. Alitembea kwa uangalifu, akihesabu kwa midomo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa kando kana kwamba umeshika bega la mtu, na hapo penye bega hapakuwa na mtu.

Jepkemei alimhurumia. Na kwa kuwa ilikuwa ndoto, aibu haikuwepo.

"Pole, Kiprugut," alisema.

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya safi, yenye nguvu, ya kumtikisa mwili mzima. Jepkemei alifumbua macho. Kogo alikuwa amelala. Mvua ilikuwa ileile. Tone dogo lilikuwa linang'aa juu ya mdomo wa mtoto, naye alikuwa anamtazama mama yake kwa utulivu, kama mtu aliyejibu swali na sasa anangoja jingine.

*

Hakulirudia jina lile. Kogo alikuwa amelitaja tu katika hadithi; yeye alikuwa amemwita mwenyewe. Jina la aliyekufa haliitwi kwa majaribio. Alikaa nalo kama mtu aliyeficha kaa la moto ndani ya leso.

Akilisema, angesema nini? Kwamba wazee wote wa ukoo walikataliwa, na aliyekubaliwa ni mzungu? Wangecheka wakasikika mpaka Solai. Au wasingecheka, na hiyo ingekuwa mbaya zaidi. Na asiposema, Jumamosi wangeita, mtoto angenyamaza, na mlango ungefungwa kwa upole mbele ya uso wake.

Ijumaa mchana Kipyegon alipiga simu.

"Sasa, Jep. Huyo kamanda wangu mdogo anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Nimeomba ruhusa ya kesho. Sajini ameniangalia tu, hata hakusema hapana." Akangoja. "Wanasema maneno hapo nyumbani, eh?"

Jepkemei alitazama ukuta. "Jeshini mnafundishwa kutembea polepole?" aliuliza.

"Ati nini?" Akacheka. "Tunafundishwa kukimbia. Polepole ni ya gwaride na mazishi. Mbona?"

"Hakuna."

"Jep. Mimi sina shaka na mtoto. Ningekuwa na njia ya kupiga chafya kwa niaba yake ningepiga hapa hapa mbele ya sajini. Lakini kama kuna neno, ni wewe uko hapo. Mimi niko nyuma ya ukuta wa Lanet."

"Najua," alisema, na maneno mengine yote yakabaki kichwani, yamepangwa vizuri.

*

Jumamosi mashangazi walifika watatu nyumbani kwa Kogo, wakakuta chai na mandazi. Waliomba kwanza, sala ndefu, kwa sababu Cheruto alikuwa mama wa kanisa na hakutaka mtu aseme mambo haya yanafanywa gizani. Mlango uliachwa wazi. Naliaka alikuja pia, na kisu na viazi vyake, akakaa kizingitini akimenya.

Shangazi mkubwa alimpakata mtoto akaanza. Aliita vizuri, kwa sauti ya chini yenye subira, akiacha nafasi baada ya kila jina kama mtu anayebisha hodi kisha anasikiliza. Aliita wale wa kwanza. Aliita wale wa pili. Aliwaita waliofia vitani, waliofia barabarani, wawili waliokufa siku moja kwa radi. Akarudia, safari hii majina kamili ya baba zao. Viazi vya Naliaka vilijaa sufuria. Mtoto alitazama mlango ulio wazi.

Shangazi akamwinua akamweka begani. Alipumua.

"Basi," alisema kwa upole kabisa, "mama yake atuambie watu wa kwao."

Cheruto alikunja leso yake mara nne juu ya goti. Hakuinua macho.

Jepkemei alisikia mtu anasema, "Kuna mmoja hamjamwita." Ilimchukua muda kujua kwamba ni yeye.

Wote wakageuka.

"Nani huyo?" aliuliza Cheruto. "Nimewataja mpaka mwizi."

"Wa mtaroni," alisema Jepkemei. "Nilimwita Alhamisi nikiwa usingizini, na mtoto akapiga chafya. Kiprugut."

Kisu cha Naliaka kilisimama katikati ya kiazi. "Mzungu?" alisema. "Wee. Kipyegon ataenda kambini aseme nini, kwamba amezaa bwana mwenye shamba?"

Shangazi mdogo alicheka ndani ya kikombe. Cheruto hakucheka. Alisimama.

"Huyo mtu," alisema, "alikalia ardhi ya babu zetu miaka arobaini. Baba mkwe wangu alimwita bwana hadi siku ya mwisho. Sasa amekosa pa kwenda, anataka na mjukuu? Hana ukoo hapa. Huyu msichana ameota ndoto ya homa."

"Ana ukoo," alisema Kogo Chepkurui.

Walikuwa wamemsahau pale mekoni.

"Alipokufa, barua ziliandikwa kwao na zikarudi. Hakuna aliyekuja. Mume wangu alichimba kaburi. Na asubuhi yake alinyoa kichwa." Kogo alipitisha mkono juu ya nywele zake nyeupe, kutoka mbele hadi kisogoni. "Mimi ndiye niliyeshika wembe. Nilimwuliza, unamnyolea mzungu? Akasema, wewe nyoa tu. Sasa niambieni nyinyi mnaojua mila. Mtu hunyoa kichwa kwa ajili ya nani?"

Kila mmoja alilijua jibu. Mtu humnyolea aliye wake. Hamnyolei mwajiri wala jirani.

Cheruto alivuka chumba kwa hatua mbili akamchukua mtoto kutoka begani kwa shangazi. Alimshika mbele ya uso wake, mikono imenyooka, kama mtu anayekagua kitu alicholetewa bila kukiagiza.

"Tuone basi," alisema. Na bila upole wowote, kama anayemfukuza mbuzi shambani, akaita: "Kiprugut."

Mtoto alikunja uso. Alifungua mdomo, akaufunga, akatafuta kitu hewani kwa pua yake ndogo. Kisha akampiga nyanya yake chafya usoni.

Nje maji yalikuwa yanapita mtaroni, yakipinda, yakitulia, yakipinda. Cheruto alijifuta shavu kwa bega. Alimtazama mtoto na mtoto akamtazama, na Jepkemei, aliyekuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, hakuweza kuusoma uso wa mama mkwe wake hata kidogo.

"Sikiliza wewe," Cheruto alimwambia mtoto hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu mzima. "Ardhi hii ni yetu. Hati iko sandukuni na hutaiona mpaka uote ndevu. Hapa hakuna bwana. Utachunga mbuzi, utachota maji, utasalimia wakubwa kwa heshima, na ukikosea utachapwa kama wengine. Kitandani utalala, si mtaroni. Kogo alinisimulia zamani habari za huyo mdogo wako uliyemwacha kule; sisi hatumjui, lakini tutamwombea apumzike. Kama hayo yamekufaa, kaa."

"Na kama hayajamfaa?" aliuliza Naliaka kutoka kizingitini.

"Ameshapiga chafya. Hawezi kuirudisha."

Shangazi mkubwa alianza vigelegele, chinichini kwanza, na wenzake wakamfuata. Kogo alirudi kwenye maharagwe yake. Cheruto alikuja kitandani, akainama, akamweka mtoto mikononi mwa Jepkemei, naye kwa mara ya kwanza tangu siku ya kujifungua akamtazama mkwewe machoni.

"Mfunike mjukuu wangu miguu," alisema. "Mlango uko wazi na baridi inaingia."

"Ndiyo, Mama," alisema Jepkemei, kwa sauti iliyofika mpaka kizingitini.